Shimo Kwenye Gofu la Jirani

Niliporudi kisiwani kwetu Chovai kutoka Mombasa, kitu cha kwanza nilichotaka ni choo cha kumwaga maji, chenye shimo lake la maji machafu. Mji ulikuwa umenidekeza, sikatai. Fundi niliyemleta kutoka Kismayo alipima kiwanja cha marehemu baba, akatikisa kichwa. Popote tungechimba, tungekuwa karibu mno na kisima, na maji yake yananywewa na mtaa mzima. Akanyoosha kidole ng'ambo ya ukuta, penye gofu la majirani waliokimbia vita kama sisi.

"Pale hapana mtu," akasema. Nami nikaona ni kweli.

Siku mbili tulipiga mtaimbo kwenye mwamba wa matumbawe. Siku ya tatu akaja shangazi yangu, ambaye hakuwahi kuhama kisiwani, kutuletea chai. Alisimama mahali palipokuwa na mlango wa gofu, akapiga hodi. Nilicheka. Yeye hakucheka.

"Mnachimba choo jikoni mwa wachu," alisema.

Mikono yangu ilikuwa imechubuka, hasira zikanipanda. "Watu gani, shangazi? Miaka thelathini hawapo!"

"Na wewe ulikuwa wapi?"

Niliweka mtaimbo chini. Nilikumbuka nilivyokikuta kiwanja chetu niliporudi: kuta zimeanguka, paa halipo, lakini mafiga ya mama yangali palepale, yote matatu, hakuna aliyeyagusa.

Nikamwambia fundi tufukie.