Nilimnunulia binti yangu sare ya form one kwa kipimo cha kamba, nikampotezea shule

Wakuu, heshima zenu popote mlipo.

Naandika nikiwa Kaliua, stesheni, nasubiri treni ya Mpanda ambayo tumeambiwa itachelewa. Muda ninao, na kuna jambo limenikaa kifuani miaka miwili sasa. Humu hakuna nilichoongeza. Kuna nilivyopunguza, kwa sababu wahusika bado tunakula sahani moja.

Naona Januari hii kila mzazi jukwaani anatoa mbinu yake ya kumrudisha mtoto shule. Wengine mnaweka kibubu, wengine mnacheza mchezo wa kupokezana hela, wengine mnauza kuku. Mimi naleta mbinu iliyonishinda. Labda itamsaidia mtu.

Kwanza mnijue. Mimi ni mtu wa Tabora mjini, nyumba iko Isevya, umri miaka arobaini na kitu. Nilimaliza kidato cha nne, nikaanza kuzunguka, na sijatulia tena. Nimefanya vibarua vya tumbaku hapa hapa Kaliua, nimeuza mitumba Mpanda, sasa nanunua asali kwa warina wa huko porini na kuileta mjini kwa madumu. Mke wangu husema nina miguu ya wapagazi, wale mababu zetu waliobeba mizigo kutoka Tabora mpaka pwani na kurudi. Anasema kwa utani, ila si utani wote.

Tuna mabinti wawili. Mkubwa ni Zuhura, mdogo ni Mwanaidi. Wamepishana miaka miwili.

Sasa mbinu yenyewe.

Mimi hela haikai mfukoni. Nikituma nyumbani inaliwa na unga, kodi, msiba, harusi ya jirani. Kwa hiyo Zuhura alipoingia darasa la saba nilijiambia, mwaka huu sikai na hela, nakaa na vitu. Kila nikiuza madumu mawili matatu, nanunua kitu kimoja cha form one. Leo shati, mwezi ujao sketi, mwingine viatu. Januari ikifika sina presha, nafungua tranka tu.

Na nilikuwa na kamba.

Hapa nitoke nje ya mada kidogo. Marehemu baba yangu alikuwa mfanyabiashara wa Ujiji na Tabora. Kila akitaka kusafiri alikuwa ananisimamisha mlangoni, anachukua kamba ya katani, ananipima. Fundo moja la bega, moja la kiuno, moja la urefu. Mguu ananikanyagisha kwenye boksi la sabuni, anachora kwa mkaa, anakata. Akirudi analeta nguo, na zinanitosha. Harufu ya zile nguo mpya ninayo puani mpaka leo. Nilikuwa nahisi kwamba huko alikokuwa, miezi yote ile, alikuwa ametembea na mimi mfukoni.

Nikataka na mimi niwe baba wa namna hiyo.

Basi nikampima Zuhura mlangoni vile vile, mafundo matatu. Mguu nikauchora kwenye boksi. Mke wangu akaniambia, "Baba Zuhura, si utume tu hela nimpeleke mwenyewe dukani?"

Nikamwambia, "Hela utaila, mama. Kamba huwezi kuila."

Tulicheka wote. Sasa hivi hainichekeshi.

Nilikaa huko porini na Mpanda mwaka karibu mzima. Nyumbani nilikuja mara moja tu, Idd, siku mbili. Zuhura muda mwingi alikuwa jikoni au amekaa jamvini. Nilimwona na sikumwona.

Kwenye simu mama yake alikuwa ananiambia, "Mwanao anarefuka huyo. Mtu akimkuta kwa nyuma anamsalimia akidhani ni mimi."

Nikasema Alhamdulillah. Niliichukua kama habari njema, nikakata simu, nikaenda kununua sketi kwa kamba yangu.

Matokeo yakatoka. Zuhura kapangiwa shule ya kutwa, mwendo wa kutembea kutoka nyumbani. Januari nikashuka Tabora na tranka kichwani kwa mpagazi wa stesheni. Wakuu, ile siku nilikuwa na raha ambayo sijaipata tena. Mashati mawili, sketi mbili za kijani, rangi ya shule za kata za kwetu, sweta, soksi, viatu vyeusi vya ngozi, madaftari, mpaka rula. Majirani walikuja kuchungulia. Nikasema, "Zuhura, nenda kajaribu."

Akaingia chumbani. Akachelewa.

Akatoka amejifunga kanga juu ya sketi. "Imenitosha, baba. Asante."

"Na hiyo kanga?"

"Naona haya, watu wengi."

Nikaona mtoto kalelewa vizuri. Viatu akatembea navyo hatua nne, tano, anatabasamu. "Vinabana kidogo, vitalainika."

Mama yake alikuwa amesimama mlangoni kimya. Baadaye sana nilimuuliza kwa nini hakusema kitu. Akanijibu, "Ulikuwa umefurahi, nikakosa pa kuanzia."

Kesho yake kanga ikaondolewa na ukweli ukaonekana. Sketi iko juu ya magoti, na shule inataka ivuke magoti. Nikaikimbiza kwa fundi cherehani wetu wa pale Isevya, Mzaramo aliyeoa huku, mtani wangu wa siku nyingi. Zuhura nilikuwa naye.

Fundi akaikunjua sketi, akamtazama mtoto, akanitazama mimi. "We Mnyamwezi, huyu ulimpima akiwa tumboni?"

"Fanya kazi, Mzaramo. Teremsha pindo."

"Pindo liko wapi? Nguo za dukani hizi, wamekunja upana wa kucha moja. Labda nikuteremshe wewe."

Hata Zuhura alicheka. Mwisho fundi akasema ataunga kipande chini, upana wa kiganja. Kijani cha kufanana na kile hakukuwa nacho, akaweka kilichokaribia. Sketi zote mbili. Mimi nikaona yamekwisha. Viatu sikuuliza tena, si kasema vitalainika? Baada ya siku tatu nikapanda treni.

Najua kuna mkuu ataandika, "Kwa nini hukununua nyingine?" Kwa sababu mwaka mzima wa asali ulikuwa ndani ya lile tranka. Na duka la kwenda kubadilishia lilikuwa Mpanda. Na nilikuwa na haraka ya kuondoka, hiyo ndiyo sababu ya kweli, mengine ni maelezo.

Miezi ikapita. Nikipiga simu naambiwa wote wazima. Zuhura nikimuuliza shule ananijibu, "Tunaendelea."

Nilirudi katikati ya mwaka. Nikashuka asubuhi, nikaona kabla ya kwenda nyumbani nipitie kwa mama yangu mzazi, Chemchem, nimwachie asali. Ilikuwa siku ya kazi, saa nne. Nakuta Zuhura yuko uani kwa bibi yake, anakaanga maandazi. Amevaa dera, kichwani kitambaa, mikono mpaka kwenye viwiko ni unga. Nilidhani ni mtu mzima mgeni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Leo hakuna shule?"

Akageuza andazi. Halafu akageuza lingine.

Mama ndiye aliyeniita ndani, akanieleza yote. Ile sketi ya vijani viwili, wenzake walimpa jina, wakamwita Bendera. Darasa zima, halafu shule nzima. Viatu vilimchuna mpaka vidole vikatunga usaha, akawa anavikanyaga visigino kama ndala, na mwalimu wa nidhamu akawa anamrudisha nyumbani kwa kukanyaga viatu. Siku anayorudishwa haendi kwa mama yake, anakuja Chemchem. Mwanzo siku moja moja. Mwishowe akawa anatoka nyumbani na begi kila asubuhi na kuja moja kwa moja kukaanga maandazi.

"Na wewe mama ulikuwa unajua?"

"Nilijua."

"Ukakaa kimya?"

"Mtoto aliniomba. Alisema, baba akisikia atajua zawadi yake haikunitosha." Akalisogeza dumu la asali nililomletea. "Na ungesikia, ungefanya nini? Uko porini na nyuki."

Nikaanza kujitetea. Nikamwambia nilimpima kwa kamba kama baba alivyokuwa ananipima mimi, sikukosea fundo hata moja.

Mama akatikisa kichwa. Akasema, "Baba yako kila fundo alikuwa anaongeza vidole vinne."

Nikamuuliza vidole gani.

Akaweka kiganja chake juu ya mkeka, akavibana vidole vinne pamoja. "Hivi. Bega vinne, kiuno vinne, urefu vinne na vingine vinne. Alikuwa ananiambia, narudi baada ya miezi mingi, nitamkuta mtu mwingine. Nguo zote zilikuwa zinakupwaya, mwanangu. Nilikuwa nakukunjia mikono na kukushikizia kwa pini. Hukumbuki?"

Wakuu, sikumbuki. Naapa sikumbuki pini. Nakumbuka kamba, nakumbuka mkaa, nakumbuka harufu. Maisha yangu yote nakumbuka kwamba zilinitosha.

Nilikaa pale nikanywa chai nisiyoisikia ladha.

Siku ile ile nikauza asali yote kwa bei ya kutupa. Nikamchukua Zuhura mwenyewe, tukaenda dukani na miguu yake, akajaribu, akachagua. Sketi ikavuka magoti, viatu vikakaa. Tukaenda shule. Mkuu wa shule hakuwa mtu mbaya. Alinionyesha nakala za barua alizompa mtoto azilete nyumbani. Akatusema wote wawili, halafu akampokea.

Alisoma siku tatu.

Ya nne aliamka, akafagia uwanja, akabaki na ufagio mkononi. Nikamwambia utachelewa. Akasema, "Baba, bado wananiita Bendera. Hata na hii mpya. Niache tu."

Nikabembeleza. Nikafoka. Mama yake akalia. Nilimwahidi vitu ambavyo sina. Akawa ananisikiliza kwa adabu zote, macho chini, na haendi. Ile sketi mpya aliiuza mwenyewe kwa binti wa jirani, hela akampa mama yake ya unga. Mwisho wa mwaka jina lake likaondolewa kwenye orodha. Tangu hapo anakaanga maandazi Chemchem, na anayakaanga vizuri, watu wanayafuata kutoka mbali. Kila mtu ananisifia. Sijui mnaelewa inavyouma kusifiwa hivyo.

Sasa kilichonifanya niandike leo.

Mwaka huu Mwanaidi kachaguliwa, shule ile ile. Asali mwaka uliopita ilikuwa mbaya, mvua ilivuruga maua, nimerudi nyumbani mikono mitupu. Sina tranka, sina hata rula. Nilikuwa nimekaa barazani nafikiria nimkope nani ambaye bado anapokea simu yangu.

Zuhura akatoka ndani na zile sketi za mwanzo. Alikuwa amezitunza. Alikaa nje na wembe, akafumua vile vipande vya fundi uzi baada ya uzi, akafua, akapiga pasi ya mkaa. Akamwita mdogo wake, akamvisha mwenyewe.

Ikamkaa. Wakuu, ikamkaa kama aliyepimiwa. Chini ya magoti palepale shule inapotaka. Na viatu vile vilivyomtoa mwenzake usaha vikamwingia bila kelele. Mama yao akapiga vigelegele. Mwanaidi anazunguka uwanjani, anaruka.

Zuhura hakuruka. Alipiga magoti mbele ya mdogo wake, akapindua ukingo wa sketi, akapitisha kidole kwenye pindo lile la kucha moja. Akakaa hapo. Halafu akaniangalia.

"Imemtosha leo, baba," akasema.

Mimi ndiye niliyemwelewa peke yangu. Mwanaidi ana miaka kumi na mitatu. Ikimtosha kamili Januari, Juni itakuwaje?

Na mimi Juni nitakuwa wapi?

Siku ya kuondoka nilimsimamisha Mwanaidi mlangoni na kamba. Zuhura akaja bila kuitwa. Kwenye kila fundo akaweka vidole vyake vinne, kama bibi yake alivyomwonyesha, nikafunga mbele yake. Kwenye urefu akaweka mkono mmoja, akaongeza na wa pili. Mikono yake inanuka mafuta ya kukaangia.

Kamba hiyo ya sketi ya Juni ninayo mfukoni hapa Kaliua. Mapindo ya zile sketi za Mwanaidi hayana kitu cha kuteremsha, asali bado sijaiona, na treni haijafika.

Nilichojifunza ni kidogo, na nimekilipia ghali. Hela mpe mama aende na mtoto. Vitu vya mbali vinamfurahisha anayeleta. Na mtoto anayekwambia kila kitu kimemtosha, mwondolee kanga umtazame.

Uwanja ni wenu. Matusi nayapokea, nimeshajitukana vya kutosha. Ila wenye mabinti wa umri huu nisaidieni jambo moja tu kabla sijaingia porini ambako simu haishiki: kutoka Januari mpaka Juni, vidole vinane vitatosha?