Gari Lililokataa Familia

Palikuwa na fundi wa visima, mwanamke wa makamo mwenye viganja kama koleo, watu wakimwita Chimba. Alilala kifudifudi shambani kwako, akatega sikio ardhini, akakwambia maji yako futi ngapi. Akikosea, alisema maji yamehama. Uongo wake ulikuwa mdogo mdogo, wa kutia chumvi tu.

Baada ya miaka kumi na miwili ya kubeba mabomba kwa mkokoteni wa kukodi, akaagiza gari kutoka ng'ambo: fowili, linalovuta kwa magurudumu yote manne, kuukuu lakini lenye kifua. Alilitaka kwa mambo mawili, kazi yake na mama yake, ambaye jicho moja lilikwisha kupofuka na la pili lilikuwa likifuata.

Kwenye ofisi ya ushuru karani akamweleza sheria. Gari lenye viti vya nyuma ni la familia, na ushuru wake unauma. Gari la viti viwili mbele na nafasi ya mzigo nyuma ni la kazi, ushuru wake nusu.

"Sasa lako ni lipi, dada?"

"La kazi."

"Na hivi viti vya nyuma?"

"Vinang'olewa leo leo."

Akaving'oa kweli, karani akiona. Akatia sahihi karatasi iliyosema: Gari hili ni la kazi na halitabeba familia. Jioni ileile akavirudisha, akikaza nati moja moja huku anapiga mluzi. Sheria ina macho, alijisemea, lakini haina miguu.

Kumbe gari lilikuwa limesikia.

Jumamosi akampakia mdogo wake wa kike ampeleke sokoni. Soga likanoga. Kwenye kona ya pili mdogo mtu akanyamaza, Chimba akadhani amesinzia. Walipofika akageuka: kiti kitupu. Mkanda ulikuwa umefungwa, umetuna mbele kama bado umekumbatia tumbo la mtu. Milango yote ilikuwa imefungwa kwa ndani.

Akarudi mbio. Akamkuta mdogo wake katikati ya barabara, mbele ya geti lao, amekaa chini, miguu mbele, mikono magotini, kama abiria.

"Uliruka?"

"Niruke, nina wazimu? Gari lilinipita."

"Lilikupitaje na ulikuwa ndani?"

"Kama upepo unavyopita kwenye chandarua, dada. Usiniulize zaidi."

Mama yao akacheka mpaka akashika mbavu. "Si uliapa halitabeba familia? Gari limekushinda adabu."

Kicheko kikaisha barua ya daktari wa macho ilipofika. Mama afanyiwe upasuaji Jumanne, saa nne asubuhi. Akikosa, zamu nyingine ni baada ya miezi minane, na jicho lile halikuwa na miezi minane. Mvua ilikuwa imeharibu njia. Hakuna gari jingine lililothubutu kupita.

"Si linabeba vyombo vya kazi?" mama akasema. "Niandike pampu."

"Mama, acha utani."

"Andika, mwanangu. Kuukuu, lakini inavuta."

Chimba akaandika kwenye hati ya mzigo: Pampu moja, kuukuu. Jumanne asubuhi wakaondoka. Kona ya kwanza, mama yupo. Ya pili, yupo. Chimba akaanza hata kuimba.

Ni kwenye matuta ndipo aliposikia. Kila gari liliporuka, huko nyuma kuligonga ng'aa, chuma kwa chuma, na mle hamkuwa na mzigo wowote ila mama yake. Akasimamisha gari. Mkono wa mama ulikuwa mzito, wa baridi, unanuka grisi. Kifuani mwake maji yalipanda na kushuka. Chimba akamfunua ukope wa jicho lililobaki, akachungulia kama alivyokwisha kuchungulia visima mia. Mbali kule chini, juu ya maji meusi, akauona uso wake mwenyewe, mdogo, ukimtazama.

"Mama," akaita.

Neno likamrudia kwa mwangwi.

Hospitali ilikuwa kulia. Akakata kushoto, ofisi ya ushuru.

"Nataka kulipa ushuru wa gari la familia," akamwambia karani.

Karani akavua miwani. Tangu aajiriwe alikuwa hajaona mtu anayekuja kuongeza. "Nani amekuchongea?"

"Gari lenyewe."

Akamwaga mezani akiba yote ya mashine mpya ya kuchimbia. Karani akamsukumia fomu ya majina ya wanafamilia. Chimba akashika kalamu, jasho likimtiririka, maana atakayemsahau ndiye gari litakayempita njiani. Akaandika mama, mdogo wake, mashangazi, wapwa, hata mjomba waliyenuniana naye, na watakaozaliwa. Hofu ikampanda, mkono ukajiendea, akaandika na marehemu baba yake.

"Mistari ni sita tu, dada."

"Geuza nyuma ya karatasi. Gonga muhuri."

Muhuri ukagonga. Nje kikasikika kikohozi. Alipotoka, mama ameketi wima, mashavu yamerudiwa na damu.

"Saa ngapi?"

"Saa tatu na nusu, mama."

"Basi kanyaga, unatazama nini?"

Wakashika njia ya hospitali. Gari lilikwenda zito, springi zimelalia upande mmoja. Chimba akamsikia mama akijisogeza dirishani, akipangusa kiti kwa kiganja.

"Kaa, mume wangu," mama akasema taratibu. "Ila usinibane upande huu wa jicho."

Chimba akakigeuza kioo cha kutazamia nyuma kikatazama paa, akaendelea kuendesha.