Meza ya Treni ya Chita

Harufu ya mtiki uliorandwa, kwa fundi seremala wa Mlabani, ilinirudisha kwenye meza ya bibi. Mimi na dada tulikuwa na treni ya makopo ya samaki iliyokwenda, kwa mchezo wetu, stesheni ya Chita kwa reli za mianzi, na kila tulipoitandaza uani kuku waliiparua. Tukatafuta meza. Kichanja cha vyombo kiliyumba, na ya chakula tulikatazwa kuigusa. Ikabaki ile ya pembeni, iliyotumika tu jumuiya ya kanisa iliposali kwetu. Tukapigilia reli juu yake, tukafunika kitambaa cheupe, behewa moja tukaliacha humo humo chini ya kitambaa.

Jioni jumuiya ikaja. Mwenyekiti aliona kinundu, akadhani ndipo pa mshumaa, akausimamisha hapo. Tuliposimama kuimba aliiegemea meza, ikainama kidogo. Mshumaa ukaondoka taratibu, ukivuta kitambaa, hadi upande wa pili. Wimbo ukakatika.

“Mama, mshumaa unakwenda wapi?” mwenyekiti akamuuliza bibi.

Bibi alitutazama sisi, si mshumaa.

“Chita,” akasema. “Ukirudi tutaendelea.”

Fundi akaniuliza meza ninayotaka ni ya nini.

“Ya sala,” nikamjibu, huku nikipapasa ubao kuona kama reli zitalala vizuri.