Mkaguzi wa Hataza na Mdomo wa Mjomba

Hili hamtaliamini hata mkiapiwa: yupo mama mmoja, mkaguzi wa hataza, zile hati za kulinda uvumbuzi, aliyewahi kumkausha mate mjomba mmoja bingwa wa kutia chumvi. Ana kucha fupi na sauti ya chini, na kila akitaka kuuliza jambo zito huvua miwani kwanza, akaipangusa. Siku ambayo mjomba alimsindikiza mpwa wake, aliyekwenda kuwaombea hataza bakteria aliowatengeneza mwenyewe, wale wanaokula dizeli iliyomwagika, miwani ilivuliwa.

"Kuna mtu mwingine ameshaambiwa siri hii?"

Mpwa akamgeukia mjomba, machozi yakimlengalenga. Siri ikishatoka nje, hataza hakuna.

"Nilidokeza tu, kwa kinyozi," mjomba akasema, jasho likimtiririka.

"Ulieleza wanatengenezwaje?"

"Nilisema wanameza lori zima, na matairi yake!"

Mama akaipangusa tena miwani, taratibu, mabega yakimtikisika. "Basi hukutoa siri yoyote, mzee wangu. Tuendelee."

Mpwa akashusha pumzi, akacheka mpaka akashika meza. Walipotoka, mjomba alishapata nguvu upya, anamsimulia mlinzi mlangoni: "Yule mama kasimama wima, kanipigia saluti, ofisi nzima ikapiga ma—"

"Mimi nilikuwa nimekaa, mzee wangu," mama akasema nyuma yake.