Mapanga ya Baba Yapimwa Delta

Nilikwenda Delta kwa sababu Baba alikuwa hapati usingizi. Habari ilikuja na wachuuzi wa kaa: panga alilolifua yeye, hapa kwetu Mchukwi, limekatika mkononi mwa mkulima wa mpunga aitwaye Seifu, na kipande kimemwingia mguuni, chini ya goti. Baba amefua mapanga tangu sijazaliwa, mazito, ya springi za malori, yanayomtoa jasho mvivu kabla hajaanza kazi. Hajawahi kuambiwa neno kama hilo. Majirani wakamfariji kwamba labda Seifu alipiga jiwe. Delta hakuna mawe, ni tope tupu mpaka baharini. Baba alilijua hilo, ndiyo maana hakufarijika.

Akachagua mapanga matatu ya mwaka huu, akayafunga kwenye gunia, akanikabidhi. Yeye mwenyewe macho yake yameingia mtoto wa jicho, hawezi kupanda boti asiyoona ukingo wake.

"Yapigwe kwenye mti wao," akasema. "Yakihimili, niambie. Yakikatika, niambie vilevile."

Nikaitika, lakini jibu nilikuwa nalo tayari. Mimi ni fundi cherehani pale Kibiti mjini, na mteja akija kusema nguo imefumuka, kitu cha kwanza ninachokagua ni mteja. Safari yangu ilikuwa ya kumsafishia baba yangu jina.

Bungu, asubuhi. Nilipanda bodaboda ya kwenda Nyamisati. Dereva akauliza gunia lina nini, nikamwambia mapanga. Hakuniuliza kitu kingine njia nzima, wala hakuomba nauli zaidi ya tuliyopatana. Tulipita mikorosho, kisha minazi, halafu hewa ikaanza kunuka chumvi na tope.

Nyamisati tulisubiri maji yajae ndipo boti ya mashine ikaondoka, imesheheni unga, sabuni na kina mama wanaorudi makwao. Ndani ya mifereji mikoko ilikuwa imesimama pande zote mbili, mizizi juu, na kila kona ilifanana na iliyotangulia. Nilikaa nimekanyaga gunia langu. Kina mama walizungumza habari za Seifu bila kujua mimi ni nani: msimu wa kufyeka umefika, na mfyekaji hawezi kusimama. Nikalisogeza gunia nyuma ya miguu yangu.

Alasiri nilifika kwa kina Seifu. Alikuwa amekaa ukumbini, mguu umefungwa kitambaa, umenyooshwa juu ya mto wa kulalia. Mama yake, Bi Zaina, alinipokea kwa wali na samaki kabla hajaniuliza shida. Nilipokwisha kula nikasema mimi ni binti wa mhunzi wa Mchukwi. Seifu akatazama pembeni. Mama yake akaingia ndani, akatoka na panga lililokwisha kuliwa na tupa ya kunolea mpaka limekuwa jembamba.

"Na hili la baba'ko," akasema. "Marehemu mume wangu alilinunua Seifu akiwa mgongoni. Mpaka leo linakata."

Nikamweleza nilichotumwa. Akaniambia panga la baba yangu wanalijua linavyopimwa. Kwetu panga halitoki bandani bila kupigwa: mnunuzi hulipiga kwenye kisiki cha mkorosho, na Baba husimama mbele yake, pale pale ambapo kipande kingerukia. Wanunuzi wengi humpenda kwa hilo kuliko kwa mapanga yenyewe.

"Mwenyewe hayupo," akasema Bi Zaina. "Basi simama wewe, mwanangu."

Hakulisema kwa ukali, na labda ndiyo sababu nilishindwa kukataa.

Nyuma ya nyumba kulikuwa na gogo kavu la mkoko lililoletwa na maji. Hamadi, mdogo wake Seifu, alianza na panga la zamani. Lilizama, likatoka, likazama tena. Nikasogea mbele ya gogo. La kwanza katika yale yangu lilihimili, nikajiona nimeshinda. La pili lilipigwa mara chache tu, likalia vibaya, na kipande kikapita ubavuni mwangu kikajichoma kwenye tope.

Sikuumia. Tope tu lilinirukia usoni. Nilitegemea Bi Zaina aseme, umeona? Alinishika mkono, akanitoa tope usoni kwa upande wa khanga yake. Alimkataza Hamadi asiliguse la tatu.

Nilikiokota kile kipande. Utotoni mimi ndiye niliyevukuta mivukuto ya Baba ya kupulizia moto, na aliwahi kunifundisha kutazama mkatiko, pale chuma kilipokatikia. Chuma kilichoiva sawasawa huonyesha punje laini kama jivu. Kilichozidishiwa moto huonyesha punje nene, zinazometa kama chumvi ya mawe. Mkononi mwangu ilikuwa chumvi.

Asubuhi iliyofuata, kwenye boti ya kurudi, nilitunga uongo. Nitamwambia mkoko ni mgumu mno, na kwamba panga moja lilihimili. Yote mawili ni kweli, na kwa pamoja yangemwacha alale. Nilipofika Bungu nilikuwa nimeyapanga vizuri kabisa.

Mchukwi nilimkuta kazini uani, juani. Tangu macho yaanze kufifia alikuwa ametoa tanuru bandani ili apate mwanga, nasi tukaona ni busara. Nikasimama nikimtazama. Mhunzi huusoma moto kwa rangi ya chuma, na rangi hiyo husomwa gizani. Juani chuma kilichoiva huonekana hakijaiva bado, naye alikuwa akikirudisha motoni tena na tena, mpaka kinaungua. Kisha anakipima kwenye mkorosho, mti laini, na kinapita.

Uongo wangu wote ukaniishia. Nikampa kipande. Akapitisha kidole gumba kwenye mkatiko, taratibu, akarudia.

"Chumvi," akasema.

"Chumvi, Baba."

"Nani alisimama mbele?"

Nikamwambia ni mimi. Akaketi juu ya gogo la fuawe, pale anapofulia chuma. Halafu akaniuliza kama Seifu atatembea. Nikajibu wanasema atatembea. Akaniagiza nimwage maji kwenye makaa.

Siku zilizofuata tulizunguka, Mchukwi, Mtunda, mpaka mashamba ya mbali, na salamu zikaenda Delta kwamba kila panga la mwaka huu lirudi. Nilijitolea kuzungumza, akanikataza. Kila mlango alisema mwenyewe: nimefua vibaya, naomba unirudishie. Nilikuwa nikidhani heshima ya mhunzi ni panga lisilokatika, na niliiendea mbali kuilinda. Sikujua kwamba mtu anaweza kuivua mlangoni kwa watu na bado akasimama wima.

Mtunda, mzee mmoja mkulima wa ufuta alituletea panga lake, jipya, halijapata kutu. Akauliza lini atapata jingine.

"Sijui kama nitafua tena," Baba akamjibu. "Macho yangu yamekwisha."

Mzee yule akalitia panga kwenye gunia letu kwa mkono wake.

"Basi nitasubiri," akasema, akaingia ndani kumtolea Baba kiti.

Hapo ndipo Baba alipolia.