Kiti cha Mwamini

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Goweko, nilikalishwa juu ya sanduku la tumbaku. Nilikuwa nimetoka chuo cha uhazili, vidole vyepesi, sketi mpya niliyoshonewa na mama kule Kwihara. Karani Mkuu, mzee mwenye miwani iliyofungwa uzi, aliitikia shikamoo yangu vizuri, akanionyesha meza, akanionyesha taipureta, kisha akalisogeza lile sanduku kwa mguu. Nikamuuliza, "Samahani mzee, na kiti?" Akanitazama kama nimeomba gari. "Binti," akasema, "hapa kiti kinafuata cheo. Hakifuati kiuno."

Nyie vijana mnaonunua viti kwa simu hamtaelewa, kwa hiyo nieleze. Enzi zetu, mgeni kazini alikalia alichokikuta. Ukithibitishwa, unapewa kiti cha mbao kisicho na mikono. Ukiwa mwandamizi, unapewa chenye mikono, na siku hiyo nyumbani wanapika kuku. Kiti cha kuzunguka chenye mto kilikuwa cha Mkuu wa Ofisi, na hata akisafiri mwezi mzima hakuna aliyethubutu kukigusa. Mgongo wako haukuulizwa.

Sanduku nililikalia mwaka mzima. Mpiga chapa kazi yake ni kukaa. Tangu asubuhi mpaka jioni unatoa nakala, karatasi juu, kaboni katikati, karatasi chini, na kila herufi unaibonyeza kwa nguvu ili ifike nakala ya nne. Nguvu hiyo watu wanadhani inatoka kwenye vidole. Inatoka kiunoni. Meza ikiwa juu, mabega yanapanda mpaka masikioni. Kiti kikiwa chini, unaandika kama mtu anayechungulia ukutani kwa jirani.

Kutoka Goweko nikahamishiwa Urambo. Huko Afisa Utumishi alikuwa mama mmoja wa makamo aliyekuja kazini kila siku na mto wake kwapani, na jioni akaondoka nao. Tulimcheka. Siku moja akanikuta nimesimama najinyoosha, akasema, "Mwanangu, serikali itakuhamisha wewe. Mgongo wako utauhamisha mwenyewe." Nilicheka tena. Nilikuwa na umri wa kucheka.

Kisha nikaletwa Tabora mjini, chumba cha wapiga chapa, wanawake wanne na dirisha moja. Hapo ndipo nilipokutana na Mwamini.

Mwamini alikuwa mtoto wa mjini, mzaliwa wa Isevya, mfupi, mcheshi, hana haraka na jambo lolote. Mimi nilikuwa napiga chapa haraka kuliko yeye, na nataka hilo lijulikane mapema. Lakini Mwamini alikuwa na mume, Fundi Hamisi, seremala. Nami pia nilikuwa na mume, msinione maskini kiasi hicho. Wangu alikuwa Goweko kwenye tumbaku yake, anakuja mjini akijisikia, na hadi anaingia kaburini hakuwahi kujua navaa kiatu namba ngapi.

Siku moja mchana, wakati wa chakula, Fundi Hamisi aliingia ofisini na futi yake ya kamba na kipande cha chaki. Mwamini alikuwa amemlalamikia kiuno. Basi akamwambia mkewe akae vizuri, akapiga magoti pale sakafuni, mbele yetu sote, akaanza kumpima. Akapima kutoka kisigino mpaka nyuma ya goti. "Hiki ndicho kimo cha kiti," akasema, kwa kuwa tulikuwa tumemkodolea macho. "Kikizidi hapo, miguu inaning'inia na mapaja yanakufa ganzi." Akapima kutoka nyuma ya kalio mpaka nyuma ya goti, akatoa vidole vitatu, akasema hicho ni kina cha kikalio, na vile vidole vitatu ni nafasi ya damu kupita. Akapima kiwiko kilipo mkono ukikunjwa, akasema mkono wa kiti uishie hapo, na meza nayo iwe hapo hapo. Mwisho akaweka kiganja chake kwenye mgongo wa mkewe, pale panapoingia ndani juu ya kiuno. "Egemeo liguse hapa," akasema. "Viti vyenu hivi vinagusa mabega, na mabega hayana shida."

Wenzangu walitania. "Shemeji, na sisi tupime." Akacheka, akakunja futi yake, akaenda zake. Mimi sikutania. Niliona wivu mpaka chakula kikanishinda. Mwanaume mzima amepiga magoti, anamuuliza mkewe, "Hapa panauma? Na hapa?" Nilirudi kwenye taipureta yangu na mchana huo nikaharibu karatasi tatu.

Kiti kikaletwa kwa mkokoteni baada ya wiki mbili. Mninga mtupu, umepigwa msasa mpaka unateleza, kikalio kimesukwa kwa kamba za ngozi, na mikono miwili mipana. Mikono! Mwamini alikuwa hajapanda cheo hata mara moja. Alipokaa, nyayo zake zote mbili zikalala sakafuni kama zimewekwa na mtu. Kila aliyeingia kuleta barua alisema, "Aa, Mwamini, leo umekuwa Mkuu wa Ofisi." Yeye anacheka tu. Mimi nyuma yake, kwenye kiti changu kisicho na mikono, naangalia kisogo chake siku nzima. Wanasema hasidi hana sababu. Mimi nilikuwa nazo, na nilizirudia kichwani kila asubuhi: mimi ni mwandamizi na cha mikono bado nakisubiri, mimi nina haraka, mimi nilikalia sanduku.

Miezi michache baadaye Mwamini akaenda likizo ya uzazi.

Sasa sikilizeni kosa langu, na mnisamehe kwamba sikulisema kwa padre kwa ukamilifu wake. Ofisi zetu zilikuwa na desturi moja: kila kitu cha ofisi kina namba nyeupe iliyopakwa chini yake. Meza ina namba, saa ya ukutani ina namba, hata ndoo. Chenye namba ni cha serikali, na cha serikali kinagawiwa kwa cheo. Kiti cha Mwamini hakikuwa na namba, kwa kuwa kilitoka kwa mumewe. Nikamwendea mtunza stoo, mzee mmoja mwaminifu ambaye asingeweza kulala akijua kuna kitu hakina namba. Nikamwambia, "Mzee, kule kwetu kuna kiti kimesahaulika."

"Cha nani?"

"Kipo tu."

Akaja na kopo la rangi na brashi ndogo, akakigeuza kiti miguu juu, akapaka namba. Sikufungua mdomo. Rangi ilipokauka nikaenda kwa Mkuu wa Ofisi, nikamweleza kwamba katika chumba cha wapiga chapa kuna kiti chenye mikono, na kwamba mwandamizi ni mimi. Hakuinua hata kichwa. "Ni haki yako, mama," akasema. "Kichukue."

Mwamini aliporudi alisimama mlangoni. Mimi nimekaa kitini, napiga chapa kwa kelele kuliko kawaida. Akasogea, akainama, akachungulia chini ya kiti, akaiona namba. Akabaki ameinama kidogo, mabega yanamtikisika, nikajua anameza kilio. Alipoinuka uso ulikuwa mkavu. "Hongera, dada," akasema, akaenda kukaa kwenye kiti changu cha zamani. Nikasema, bila kuulizwa, "Serikali ndiyo imepanga." Fundi Hamisi hakukanyaga tena ofisini kwetu, na mimi na Mwamini hatukulizungumza jambo hilo kwa miaka yote iliyobaki ya kazi.

Na kile kiti, wajukuu zangu, kilinitesa. Waliosema nguo ya kuazima haisitiri matako walinijua. Mimi ni mrefu, magoti yangu yalipanda juu kama ya panzi, uzito wote ukakaa kwenye mfupa wa mkia. Egemeo lilinigusa pasipotakiwa. Ile mikono niliyoililia ilikuwa inagonga ukingo wa meza, kiti hakiingii, kwa hiyo nikawa nakaa ukingoni, nimeinama mbele, na nyuma yangu kuna egemeo zuri la mninga lisilogusa mtu. Ningeweza kukirudisha siku ya pili. Lakini kila nikigeuka namwona Mwamini, amekunja kanga ameiweka kiunoni, chini ya miguu ameweka boksi la karatasi, anapiga chapa polepole, ametulia. Siku moja akaniuliza, "Kinakufaa, dada?"

"Kinanifaa sana," nikasema.

Nilikikalia mpaka nastaafu. Taipureta zikaondoka, kompyuta zikaja, wakuu wa ofisi wakabadilika, watu wakaletewa viti vya magurudumu, na mimi nikakataa. Nilisema nimekizoea kiti changu. Kama ningekiacha, Mwamini angejua. Mwamini alistaafu kabla yangu, na bado sikukiacha. Daktari aliniambia pingili mbili za chini zimesagika, akaniuliza nimebeba mizigo gani maishani. Nikamwambia kuni.

Sherehe yangu ya kuagwa ilikuwa na pilau, soda na hotuba. Mkuu wa Ofisi, kijana wa umri wa mwanangu, akasimama akasema, "Mama yetu huyu alikuwa na kitu kimoja alichokipenda kuliko vyote hapa ofisini. Tumeomba kibali, kimefutwa kwenye daftari la mali, na leo tunamkabidhi." Wakakileta, wamekifunga utepe mwekundu. Wanawake wakapiga vigelegele. Ilibidi nikikalie mbele ya watu, nipigwe picha. Katika ile picha natabasamu, na kiuno kinawaka moto.

Basi kiko sebuleni kwangu. Mjukuu wangu Neema, ambaye kazi yake ni kompyuta kutwa nzima, alikuja kukaa nami akawa anafanyia kazi kitandani, miguu imekunjwa. Akaanza kulalamika shingo. Akanionyesha kwenye simu kiti cheusi cha magurudumu, kina matundu mgongoni. "Bibi, bosi wangu anacho hiki hiki," akasema. Nikamwambia azime simu asimame. Nikampima kama nilivyoona anapimwa Mwamini, kisigino mpaka goti, kalio mpaka goti toa vidole vitatu, kiwiko, kiuno. Nikamwambia, nenda dukani na namba hizi, kaa kwenye kila kiti robo saa, usione aibu, muuzaji akikununia mwache anune. Kama nyayo hazilali chini, ondoka. Kama mikono ya kiti inagonga meza, ondoka. Na alichokalia bosi wako usikitazame. Alinunua kingine kabisa, cha kijani, hakina sura, na shingo imepona.

Mwamini alinitembelea mwezi uliopita. Fundi Hamisi alikuwa amefariki, eda imekwisha, na nilikuwa nimejiapiza kwamba akija nitasema. Mwenzangu amebaki mjane, na kazi ya mikono ya mumewe iko kwangu. Nikamwonyesha kile kiti, "Karibu, kaa." Akakipita, akakaa kwenye cha plastiki. Kila akija hufanya hivyo, na kila mara nilijua ni uchungu.

"Mwamini," nikamwambia, "namba ile nilisababisha mimi. Nilimwita mtunza stoo. Niliona wivu. Hiki ni kiti chako, leo nitaita bajaji ikupelekee."

Alinywa chai yake kwanza. Hana haraka na jambo lolote, nilishasema.

"Dada, najua. Mzee wa stoo aliniambia siku ile ile." Akaweka kikombe chini. "Lakini usiniletee. Kile kiti kilikuwa kinaniumiza. Alikosea kina, kikawa kinanibana nyuma ya magoti. Ningesemaje, na mwanaume amepiga magoti mbele ya watu? Nilipokukuta umekikalia, nusura nicheke mbele yako."

Nikageuka nikakitazama kile kiti.

"Alinitengenezea kingine," akaendelea. "Hicho sikukileta ofisini, nilishajifunza. Kiko chumbani, kwenye cherehani. Safari hiyo alinipima siku tatu."

"Siku tatu?"

"Siku tatu. Anapima, anafuta, anapima tena. Kile nacho ndicho kiti."

Nilitegemea kuona nafuu. Miaka yote ile nimebeba dhambi, kumbe sikumwibia kitu. Badala yake nilihisi kile kile nilichohisi mchana ule wa futi ya kamba, hapa kifuani, kama vile sijazeeka hata siku moja. Nikamuuliza, "Kina mikono?"

"Kina," akasema. "Na kimechongwa maua."

Neema ananiambia, Bibi, nunua kiti chako, nikupime mimi, ni dakika mbili tu. Nimemwambia ana akili na nitamsikiliza. Jumamosi nakwenda Isevya kumsalimia Mwamini, anionyeshe na kile cha maua. Nimemwekea asali chupa mbili, na kwenye mkoba nimetia futi.