Moto Ulioingia Chini ya Magimbi

Watu wa bonde letu hapa Kawempe nawakumbuka wote kwa majina, walio hai na waliotangulia. Sitayaandika, maana wengine watakuja kuniuliza mbona nimewataja. Nataka kushukuru tu.

Marehemu mume wangu, mwanajeshi kutoka kaskazini, ndiye aliyechimba mfereji kwenye ukingo wa bwawa la mafunjo, maji yatoke, tupate kulima. Udongo wa pale ni mweusi, mwepesi. Ukikauka unaona ndani yake nyuzinyuzi za mafunjo ya zamani. Ni mafunjo yaliyoanguka juu ya mafunjo, miaka na miaka, kabla mji haujafika. Magimbi yake yamenilelea watoto wote.

Kiangazi kimoja juzijuzi, kitindamimba wangu, askari polisi, akaja likizo. Akakuta mafunjo makavu yamerundikana kando ya shamba, akayatia kiberiti, kama wanaume wa kwetu wanavyochoma nyasi kabla ya mvua. Moto ukawaka, ukazima. Akanawa mikono, akanywa chai, nami nikamsifu.

Siku chache baadaye nikaenda kupalilia. Moshi unatoka kwenye shina la gimbi! Nikavua ndala, nikakanyaga: ardhi ina moto kama jiwe la mafiga. Mwanangu akaleta madumu ya maji, akamwaga. Moshi ukanyamaza pale, ukatokea pengine, karibu na mafunjo ya jirani yangu.

Jirani huyo ni mjane kutoka Kongo. Anakata mafunjo, anasuka mikeka, ndiyo chakula chake. Akaja na wasukaji wenzake, nao wakaanza kumcheka mwanangu.

"Afande, mfungwa wako ametoroka!" mmoja akasema. "Amepitia chini ya selo."

Jirani yangu hakucheka. Alichomeka fimbo ardhini, akaichomoa ncha imeungua.

"Mama, moto hii haiko juu," akaniambia. "Iko nakula udongo yenyewe. Ikifika kwangu, nitakata nini?"

"Tufanye nini sasa, dada yangu?"

"Tufunge mufereji. Maji irudi."

Nikaangalia shamba. Maharage yangu yalikuwa yametoa maua, na maji yakirudi yataoza yote. Na mfereji wenyewe ni jasho la marehemu.

"Mama, na maharage?" mwanangu akauliza.

"Yaache. Lete magunia."

Wale waliokuwa wanacheka ndio walioyajaza udongo. Tukaziba. Maji ya bwawa yakapanda polepole, ardhi ikafoka mvuke kama birika. Jirani yangu alishinda pale akipapasa kila mahali kwa mguu mtupu, mpaka akasema, "Imelala."

Maharage yaliisha. Magimbi hayakujali maji, na mfereji sikuufungua tena. Siku hizi mvua kubwa ikiteremka na uchafu wote wa mlimani, bwawa linaupokea kwanza, halafu maji yanatoka upande wa pili yametulia. Mlangoni kwangu hayafiki kama zamani. Namshukuru Mungu kwa udongo ule, namshukuru na yule mwanamke.

Mafunjo yameota mpaka palipokuwa na maharage. Alipotaka kuyakata mara ya kwanza alikuja kuniomba ruhusa, amesimama nje kama mgeni. Nikamwambia akate tu, aache mizizi, na akimaliza apande huku juu nyumbani tunywe chai.